Nani Anahesabu Saa za Mkunga?

Kipindi cha redio kwa wakimbizi na wenyeji wa Arua na Koboko
Sehemu ya historia. Maandishi ya kipindi kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji

[MUZIKI WA KUFUNGUA. UNAPUNGUA.]

MTANGAZAJI: Vuteni viti karibu na redio. Leo katika historia tunazungumza juu ya kitu ambacho kila mtu anacho mkononi au ndani ya simu, lakini ndani ya hospitali ni wachache wanaokitazama kwa faida yao wenyewe. Tunazungumza juu ya saa.

Tuanze na usiku mmoja. Si usiku wa mtu fulani. Ni usiku ambao wengi wenu mnaujua.

Ni saa nane usiku. Mama mjamzito amefika kituo cha afya juu ya boda boda, na mama mkwe wake amemshika kwa nyuma asianguke. Mama mkwe anagonga mlango. Anasema, "Binti yangu, tusaidie. Uchungu umemshika tangu jioni." Mkunga anafungua. Macho yake ni mekundu. Anajibu, "Karibu, mama. Mlaze hapa. Mnisamehe kwa kuchelewa, tangu jana asubuhi sijalala."

Mtoto anazaliwa salama. Kesho yake, kwenye bomba la maji, watu wanasema, "Mkunga yule ana hasira. Alitufungulia mlango kwa shida." Hakuna anayeuliza alikuwa amesimama kwa miguu yake saa ngapi. Yeye mwenyewe labda hajui. Hakuna mahali palipoandikwa.

Hilo ndilo swali letu leo: saa za mkunga, za muuguzi na za daktari, nani anazihesabu? Na zisipohesabiwa, nani analipa?

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Zamani mkulima alifuata jua. Lilipochomoza alishika jembe, lilipozama alirudi nyumbani. Jua lilikuwa mpaka wa kazi, na hakuna bwana aliyeweza kuusogeza. Kisha Ulaya ikajenga viwanda, na viwanda vikawashwa taa. Mpaka ule ukaondoka. Wanaume, wanawake hata watoto wakafanya kazi saa 12, saa 14 kwa siku. Ndipo watu wakaanza kudai mpaka mwingine, mpaka wa kuhesabu.

Mwezi wa 4 mwaka 1856, waashi wa mawe wa mji wa Melbourne, Australia, waliweka chini zana zao wakaandamana. Walitaka kufanya kazi saa 8 kwa siku bila kupunguziwa malipo, na walipata. Mwezi wa 5 mwaka 1886, wafanyakazi wa Chicago, Marekani, waligoma kwa dai lile lile. Damu ilimwagika na watu walinyongwa. Sikukuu ya wafanyakazi ya tarehe 1 mwezi wa 5, ambayo hata hapa Uganda ofisi hufungwa, inatokana na mambo yale.

Mwaka 1919, baada ya vita kuu ya kwanza ya dunia, likaanzishwa Shirika la Kazi Duniani, ILO. Mkataba wake wa kwanza kabisa ulikuwa juu ya saa. Ulisema mfanyakazi wa kiwandani asipitishe saa 8 kwa siku na saa 48 kwa juma. Mwaka 1930 ukaja mkataba mwingine, wa watu wa maduka na ofisi. Hapo, msikilizaji wangu, tega sikio. Mkataba ule wa 1930 ulitaja kwa maneno watu ambao hauwahusu. Katika orodha hiyo walikuwamo wanaofanya kazi katika nyumba za kutibu na kutunza wagonjwa.

Karani wa duka alipata mpaka. Muuguzi aliachwa nje.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni wazi: hospitali haifungi. Duka likifungwa jioni, sabuni itakungoja mpaka asubuhi. Mtoto anayezaliwa hangoji. Sababu ya pili imo ndani ya mioyo ya watu. Katika nchi nyingi uuguzi ulihesabiwa kuwa wito. Wauguzi wengi walikuwa masista wa kanisa, au wasichana waliolala katika bweni kando ya wodi, tayari kuitwa wakati wowote. Watu waliona kwamba huruma haina saa. Basi aliyeuliza saa alionekana hana huruma.

Ilichukua miaka 47 kuanzia hapo. Mwaka 1977, ILO ilipitisha mkataba namba 149, mkataba wa wauguzi. Ulisema wauguzi wapate haki sawa na wafanyakazi wengine, au zaidi, katika saa za kazi, malipo ya saa za ziada, mapumziko ya kila juma na likizo. Pamoja nao ulitolewa ushauri kwa serikali: siku ya kazi ya muuguzi, hata pamoja na saa za ziada, isipite saa 12, na kati ya zamu moja na nyingine apate mapumziko ya saa 12 mfululizo. Tanzania iliukubali mkataba ule mwaka 1983, Kenya mwaka 1990.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Sasa turudi nyumbani, West Nile.

Wazee wa hapa wanajua habari ya kazi za kuhesabiwa. Wakati wa Waingereza, vijana wa Walugbara na Waalur walikwenda kusini kukata miwa katika mashamba ya Lugazi na Kakira. Walirudi na blanketi, baiskeli, na habari za msimamizi aliyehesabu kila kitu.

Hospitali nayo ni nyumba ya kuhesabu. Kusini mwa mji wa Arua iko hospitali ya Kuluva, iliyoanzishwa na misheni katika miaka ya 1940. Daktari Ted Williams alifanya kazi pale kwa miaka mingi, na ndugu yake Peter, naye daktari, alikuwa pamoja naye. Mwaka 1961 Ted Williams alifunga safari ya gari na daktari Denis Burkitt wa Kampala na daktari Cliff Nelson. Walikwenda maili kama 10,000, wakiuliza kila hospitali kama imeona uvimbe fulani wa taya unaowashika watoto. Leo duniani kote uvimbe ule unaitwa kwa jina la Burkitt. Rejista za West Nile zilisaidia sana uchunguzi ule, kwa sababu zilionyesha mgonjwa alitoka kijiji gani na aliugua lini.

Fikiria rejista kama ile. Ndani yake kila mgonjwa ana mstari wake. Muuguzi anahesabu joto la mwili, matone ya dripu, mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, vidonge kila baada ya saa 6. Hesabu zote hizo ni za mgonjwa, na ni sawa iwe hivyo. Lakini mkono unaoandika nao ni wa mtu. Mkono huo umeamka saa ngapi? Utalala lini?

Sheria ya Uganda ilifika kwenye swali hilo polepole. Mwaka 1975, wakati wa utawala wa Idi Amin, ambaye watu wengi wanamjua kuwa mtu wa Koboko, ilitolewa amri ya kazi iliyotumika nchini kwa miaka 31. Mwaka 1995 ikaja katiba mpya. Ibara yake ya 40 inataka Bunge litunge sheria ili kila mfanyakazi apate mapumziko, saa za kazi zenye kiasi, na likizo yenye malipo. Mwaka 2006 Bunge likatunga sheria mpya ya ajira, ikachukua nafasi ya ile amri ya 1975.

Mwaka huo huo wa 2006, Bunge lilitunga pia sheria ya wakimbizi. Sheria hiyo inasema mkimbizi aliyetambuliwa ana haki ya kutafuta kazi na kuajiriwa. Ziweke sheria hizo mbili pamoja. Kama wewe ni mkimbizi na umeajiriwa, iwe ni kazi ya usafi katika kituo cha afya, ya kutafsiri lugha au ya uuguzi, basi saa zako zinalindwa na sheria ile ile inayolinda saa za Mganda aliye kando yako.

Sheria ya ajira inasema nini? Sikilizeni, na mwenye kalamu aandike.

Kazi ya kawaida isipite saa 48 kwa juma. Mwajiri na mfanyakazi wanaweza kupatana juu ya saa za ziada, lakini jumla isipite saa 10 kwa siku, au saa 56 kwa juma. Kwa watu wa zamu, siku moja inaweza kuwa ndefu zaidi, ila ukichukua majuma matatu na kugawanya, mpaka unabaki ule ule. Saa ya ziada katika siku ya kawaida inalipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Katika sikukuu ya taifa inalipwa mara mbili. Kila baada ya siku 6 za kazi mfululizo, mtu apate saa 24 za kupumzika. Na aliyefanya kazi saa 8 mfululizo ana haki ya nusu saa ya kula na kupumua.

Wasikilizaji waliotoka Kongo watauliza, na kwetu je? Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 iliweka saa 45 kwa juma. Kwa maandishi, Kongo ilimpa mfanyakazi wake mapumziko zaidi kuliko Uganda. Lakini ninyi mnajua zaidi yangu kwamba karatasi ni kitu kimoja, na wodi ya usiku ni kitu kingine.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Sasa tufanye hesabu. Chukueni kijiti mwandike chini.

Juma lina siku 7, siku ina saa 24. Saba mara 24 ni 168. Wodi ya wazazi haifungwi, kwa hiyo kiti cha mkunga kinatakiwa kuwa na mtu kwa saa zote 168.

Tuseme kituo kina wakunga wawili. Gawanya 168 kwa wawili. Kila mmoja anabeba saa 84 kwa juma. Sheria inasema saa 48 za kawaida, na mwisho kabisa saa 56. Wakunga hawa wawili wamepita mpaka wa mwisho kwa saa 28 kila mmoja, juma baada ya juma.

Mtu atasema, basi walipwe saa za ziada. Sawa, tuhesabu. Kutoa 48 katika 84, zinabaki 36. Ukizidisha saa 36 kwa moja na nusu, unapata malipo ya saa 54. Jumlisha na zile 48. Mwajiri angelipa malipo ya saa 102 kwa kila mkunga. Hiyo ni zaidi ya mishahara miwili. Kwa fedha hiyo angeweza kuandika mkunga mwingine kando ya kila mmoja, na wote wanne wakalala usingizi.

Mmeona sasa kazi ya malipo ya ziada? Wengi tunadhani ni zawadi ya mtu mwenye bidii. Waliotunga sheria za namna hii tangu zamani waliiweka kama ua wa miiba. Walitaka kumchosha mtu kuwe na bei kali, mpaka mwajiri aone afadhali kuongeza watu. Ua huo ukitolewa, mfanyakazi afanye saa 84 kwa mshahara wa 48, uchovu unakuwa kitu cha bure. Na kitu cha bure hutumiwa bila kiasi.

Sasa gawanya 168 kwa 56. Unapata 3 kamili. Kwa hiyo sheria ya Uganda, ukiisoma kwa hesabu, inasema kiti kimoja cha usiku na mchana kinataka watu watatu, na hapo hakuna anayeugua, hakuna anayekwenda likizo, hakuna anayezika mzazi wake. Kwa saa 48 za kawaida, kinataka watu wanne. Chini ya watatu, sheria imevunjwa hata kama kila mtu ana nia njema.

Nia njema ipo, na tusimlaumu haraka msimamizi wa kituo. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilihesabu nchi 57 zenye upungufu mkubwa sana wa madaktari, wauguzi na wakunga. Uganda, Kenya, Tanzania na Kongo zote zilikuwa ndani ya orodha hiyo. Msimamizi mwenye wakunga wawili ana njia mbili tu usiku: amwache mmoja aliyechoka, au afunge mlango. Ninyi mngechagua nini? Ndiyo maana mpaka wa saa bila kuongeza watu unaweza kumwacha mama mjamzito nje. Lakini kuendelea bila mpaka kunaficha upungufu. Wakubwa wanaona mlango uko wazi, taa inawaka, watoto wanazaliwa. Wanasema kituo kinafanya kazi vizuri.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Uchovu huo ukifichwa sana, siku moja hutoka mahali pabaya.

Mwezi wa 3 mwaka 1984, msichana wa miaka 18 aitwaye Libby Zion alipelekwa hospitali mjini New York akiwa na homa. Alihudumiwa usiku na madaktari vijana waliokuwa bado mafunzoni, ambao walikuwa na wagonjwa wengine wengi. Alipewa dawa ambayo haikutakiwa kukutana na dawa nyingine aliyokuwa akitumia. Asubuhi alikuwa amekufa. Baba yake alikuwa mwandishi wa habari, hakunyamaza. Jopo la raia lililochunguza kifo kile halikuwashitaki madaktari kwa mauaji. Liliulaumu mtindo wa kuwafanyisha kazi vijana kwa saa nyingi bila wakubwa wao kuwa karibu. Mwaka 1989 jimbo la New York likaweka mpaka: daktari wa mafunzo asipite saa 80 kwa juma, wala saa 24 mfululizo. Mwaka 2003 mpaka wa saa 80 ukawekwa Marekani nzima. Saa 80 bado ni nyingi mno, lakini kabla ya hapo hapakuwa na hesabu kabisa.

Ulaya nako madaktari walikwenda mahakamani kwa swali lingine: usiku wa kungoja ni kazi au ni mapumziko? Mwaka 2000 madaktari wa Hispania walisikilizwa na mahakama ya Umoja wa Ulaya. Mahakama ikasema, daktari anayelazimika kuwa ndani ya kituo akingoja kuitwa, yuko kazini. Mwaka 2003, katika kesi ya daktari wa Ujerumani, ikasema hata kama hospitali imempa kitanda na amesinzia, bado yuko kazini. Aliye nyumbani kwake akingoja simu, yeye katika hukumu ile ya mwaka 2000 alihesabiwa zile saa alizoitwa. Hukumu hizo hazitawali Uganda. Lakini mkunga anayelala na viatu ndani ya kituo akingoja mlango ugongwe, anajua kwamba mahakimu wale walisema kweli.

Hapa karibu, Kenya, madaktari wa serikali waliacha kazi tarehe 5 mwezi wa 12 mwaka 2016. Walidai makubaliano yaliyotiwa saini mwaka 2013 yatekelezwe. Yalihusu mishahara, na pia saa za kazi na malipo ya ziada. Mgomo ulichukua siku 100. Viongozi 7 wa chama chao walipelekwa jela mwezi wa 2 mwaka 2017, kwa kukaidi amri ya mahakama. Baadaye mwaka huo wauguzi wa Kenya nao waligoma karibu miezi 5. Uganda, mwezi wa 11 mwaka 2017, madaktari waliacha kazi kwa karibu majuma matatu, wakidai mishahara na vifaa. Siku hizo zote, mwenye fedha alikwenda hospitali ya kulipia. Maskini alirudi nyumbani na mgonjwa wake. Saa zisipohesabiwa kwa amani, zinakuja kuhesabiwa kwa mgomo, na hapo anayelipa ni yule aliye mwisho wa foleni.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Je, haiwezekani kuhesabu saa za mhudumu katika nchi zetu? Inawezekana. Tumeona kwa macho.

Ninyi mliotoka Ituri na Kivu ya Kaskazini mnakumbuka Ebola ya kuanzia 2018 hadi 2020. Mnakumbuka watu waliovaa nguo za kufunika mwili mzima, miwani mikubwa, buti na glavu. Katika vituo vya Ebola mhudumu hawezi kukaa ndani ya nguo zile atakavyo. Joto linamchosha haraka, na aliyechoka anajigusa uso au anavua vibaya. Kwa hiyo mwenzake anaandika dakika aliyoingia, na muda kama wa saa moja ukifika anamwita atoke. Hata kama wagonjwa ni wengi. Hata kama ana moyo wa kuendelea.

Watu wa kaskazini mwa Uganda walijifunza somo hilo kwa uchungu. Mwaka 2000 Ebola iliingia Gulu. Katika hospitali ya Lacor watumishi wa afya 13 walikufa. Mmoja wao alikuwa daktari Matthew Lukwiya, aliyeongoza mapambano yale. Kabla ya mapambazuko ya siku moja ya mwezi wa 11 aliitwa haraka kumsaidia muuguzi aliyekuwa akivuja damu. Alivaa gauni, glavu na barakoa, lakini hakuvaa miwani. Tarehe 5 mwezi wa 12 alifariki. Hatusemi kwamba ni uchovu uliomfanya aingie bila miwani. Tunasema kwamba alikuwa amebeba majuma mengi ya usiku na mchana, na kwamba mwili wa mtu hodari nao ni mwili.

Basi linganisha. Katika Ebola saa zinahesabiwa kwa dakika, kwa sababu hatari inaonekana na kila mtu anaiogopa. Katika wodi ya wazazi hatari haivai nguo nyeupe. Ni mkono uliochoka unaosoma kipimo vibaya, sikio lisilosikia mapigo ya mtoto yakipungua, neno kali linalomfanya mama mwingine aamue kuzaa nyumbani.

[MUZIKI MFUPI]

MTANGAZAJI: Kabla ya kufunga, tuwataje watu wa VHT. Tangu mwaka 2001 Uganda imekuwa na timu hizi za afya za kijiji, na katika kambi zetu wakimbizi wengi wamo. Wanatembea bloku kwa bloku, wanapima watoto mkono, wanatafsiri, wanasindikiza wagonjwa usiku. Wapo na wauguzi waliosoma Kongo au Sudani Kusini, ambao bado hawajasajiliwa na baraza la wauguzi na wakunga la Uganda, wakaingia kwa mlango huo.

Wanaitwa watu wa kujitolea. Sheria ya ajira inamlinda mtu mwenye mkataba wa kazi, na mkataba wa mdomo nao unahesabika. Lakini anayeitwa wa kujitolea anaweza kujikuta nje ya ua, kama wauguzi walivyoachwa nje mwaka 1930, na kwa sababu ile ile: anafanya kwa huruma. Historia yetu ya leo inatuonya. Neno huruma limetumika muda mrefu kufunika saa za watu. Mtu wa kujitolea naye aambiwe tangu mwanzo ni siku ngapi, ni saa ngapi, na nani atampokea akichoka.

Tufanye nini? Mambo manne.

La kwanza, andika. Uwe na daftari ndogo. Andika saa uliyoingia na saa uliyotoka, kila siku. Siku ya mazungumzo, daftari hilo litasema vizuri kuliko hasira.

La pili, omba karatasi. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi kabla ya majuma 12 kupita tangu aanze. Ndani yake ziwemo saa za kawaida, zamu, na malipo ya saa za ziada.

La tatu, fuata ngazi. Anza na msimamizi wa kituo, kwa heshima. Asipoweza, yuko afisa wa kazi wa wilaya, ambaye kazi yake ni kusikiliza malalamiko ya ajira. Mkimbizi naye anaruhusiwa kufika kwake.

La nne ni letu sisi wagonjwa. Kituo cha afya kina kamati yake, na viongozi wa RWC wana sauti. Tumezoea kuuliza, "Dawa zipo?" Tuulize na hili: "Orodha ya zamu iko ukutani? Wakunga ni wangapi? Usiku yuko nani, na mchana alikuwa nani?" Kama jina ni lile lile mchana na usiku, hilo si jambo la mkunga peke yake. Ni usalama wa binti yako na wa mjukuu wako.

Tulianza na mama mkwe aliyegonga mlango saa nane usiku. Safari nyingine mlango ukichelewa kufunguliwa, mama, uliza kwanza, "Binti yangu, umeamka tangu lini?" Halafu jibu lake ulipeleke kwenye kikao.

Mimi naishia hapa. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.

[MUZIKI WA KUFUNGA]

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji

1. Katika kituo cha afya mnachokwenda, nani hufungua mlango usiku? Je, ni yule yule wa mchana?

2. Fanyeni pamoja hesabu ya saa 168. Kituo chenu kina wakunga wangapi, na kila mmoja anabeba saa ngapi?

3. Kama ingebidi kuchagua kati ya mkunga aliyechoka na mlango uliofungwa, mngechagua nini? Mngempelekea nani neno hilo, ili siku nyingine msilazimike kuchagua?

4. Ndugu wa VHT mlioko hapa: juma lililopita mlifanya kazi saa ngapi? Nani aliziandika?